Nilivyopeleka Tulipu Piyaya

Tangu nirudi, kila anayepita hapa nyumbani Daa ananiuliza jambo lile lile: mwalimu, ni kweli ulipanda lori la chumvi ya ng'ombe, na goti hilo lako, ukaenda Piyaya kuwasomea watu habari za ua? Ni kweli. Nimechoka kusimulia kipande kipande mlangoni huku maharage yanaungua jikoni, kwa hiyo nimekaa nikayaandika yote. Habari za kutafuta usafiri na kupigiana simu naziacha. Naanzia pale mlipoanza kunicheka.

Daa, kabla ya kuondoka

Wengi wenu niliwafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo ugonjwa wangu mnaujua. Kwa asiyejua: tulipu ni ua la nchi za baridi. Huota kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu, likatoa bua moja lililonyooka na juu yake kikombe kimoja cha rangi. Nililiona mara ya kwanza kwenye kalenda iliyotundikwa zahanati, nikiwa msichana mwenye malaria, na mpaka leo sijawahi kulishika mkononi. Sikulipenda kwa uzuri wake. Ua zuri hata mbaazi inalo. Nililipenda nilipokuja kugundua jinsi wanadamu walivyolimwagia maneno. Washairi wa Uajemi waliliona lile doa jeusi ndani ya tulipu jekundu, wakasema huo ni moyo wa mpenzi ulioungua. Waturuki waliona kwamba herufi za jina lake, kwa maandishi yao ya zamani, ndizo zile zile za jina la Mungu, wakalichora kwenye kuta za misikiti. Waholanzi wakasimulia habari za watu waliotoa nyumba nzima kwa tunguu moja. Na chini ya hayo yote kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tulipu halikuzaliwa Uholanzi. Lilizaliwa porini, kwenye milima ya mbali huko Asia, katikati ya malisho ya kondoo na farasi. Lilichukuliwa kutoka kwa wafugaji.

Miaka yote ya ualimu nilikuwa nakusanya maandishi hayo na kuyatafsiri, na nilipostaafu nikaongeza hadithi zangu mwenyewe. Mchapishaji mmoja alinijibu kwa upole kwamba kazi ni nzuri, ila nibadilishe tulipu liwe waridi, kwa sababu msomaji wetu hatalielewa. Nikamwandikia kwamba msomaji wetu ameelewa theluji, majoka na malaika bila kuona hata kimoja. Hakunijibu tena. Nikaenda mjini kutoa kopi, nikawa nagawa kwa yeyote anayetaka.

Aliyetaka kuliko wote ni Namnyaki. Tulisoma pamoja shule ya bweni. Yeye akaolewa Piyaya, kwa wafugaji wenzake, na mumewe alipofariki akabaki huko. Anawafundisha kusoma wanawake wa pale, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya dawa za mifugo. Vitabu havikuwepo. Walikuwa na vipeperushi tu: jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kunawa mikono, jinsi ya kuogesha mbuzi. "Paskalina," aliniambia siku moja kwenye simu, "wanangu hawa wamechoka kusoma choo." Nikampelekea tulipu. Wakalipenda.

Kisha akapiga tena, na sauti haikuwa ile. Kamati ya mifugo ilikuwa inakitaka chumba kirudie kazi yake ya dawa. Wanaume walikuwa wakisema wangevumilia kama wanawake wangekuwa wanasoma jambo la maana, lakini habari imeenea kwamba wanasoma maua. Mkutano utakuwa Alhamisi, baada ya mnada. "Njoo uwaambie maana yake," alisema. "Mwenyekiti ni shemeji yangu; mimi nikisema, ni shemeji tu anayelalamika."

Nilipomsimulia jirani yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, aliweka kikombe chini.

"Tulipu? Kwa Wamasai? Si uwapelekee mbegu za mahindi!"

"Mahindi wanayajua," nikamwambia, nikaendelea kukunja kanga zangu.

Karatu

Lori lilikuwa la Bura, kijana wa watu tunaowafahamu, aliyekuwa anapeleka unga na chumvi ya mifugo. Angepitia kwanza Nainokanoka kushusha mzigo, halafu arudi njia kuu na kuteremka tambarare hadi Piyaya. Tulikuwa tuondoke Jumatatu asubuhi. Asubuhi ya Bura iliingia mchana: mara mzigo haujafika, mara fundi ana breki mkononi.

Nikaenda kukaa kwa mama lishe nikala wali maharage. Pale mezani alikuwepo kijana mmoja wa kuongoza watalii, kofia pana, miwani juu ya kofia. Akanisikia nikimweleza mama lishe safari yangu.

"Tulipu? Samahani mama, hiyo ni loji mpya? Iko upande gani?"

"Ni ua."

"Aa, ua! Hilo lipo, mama. Njoo nikuonyeshe."

Kwa kuwa Bura hakuwa ameonekana, nikamfuata. Akanivusha barabara, akanisimamisha chini ya mti mkubwa uliotapakaza maua mekundu hadi kwenye mtaro.

"Tulipu ya Afrika hii. Wageni wangu wote wanaipiga picha."

"Mwanangu, huu ni kifabakazi."

"Najua ni kifabakazi. Lakini nikiwaambia wageni kifabakazi, hawashuki kwenye gari."

"Basi wasishuke," nikasema. "Tulipu lina jina lake na kifabakazi kina jina lake. Hakuna anayehitaji kuazima."

Alicheka, lakini niliporudi mezani nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyo bibi si mchezo." Nikaona safari imeanza vizuri.

Getini na ukingoni

Tulifika geti la hifadhi ukungu umeshashuka. Nyani walikuwa wamekaa juu ya ukuta wakitazama magari kama wao ndio wakaguzi. Kosa lilikuwa la Bura, kwa kupenda maongezi. Afisa alipouliza mzigo, Bura akajibu, "Unga, chumvi, na mwalimu wangu hapa anapeleka tulipu Piyaya. Ua fulani hivi la Ulaya, linaota kwenye kitu kama kitunguu."

Afisa akaja upande wangu. Kijana msafi, mpole, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo mama. Mimea ya kigeni hairuhusiwi kuingia hifadhini. Naomba tuone begi."

"Marahaba. Hakuna mmea. Ni maandishi."

Nikafungua. Kulikuwa na kopi zangu, kanga, sweta, dawa yangu ya kuchua goti, na mfuko wa vitunguu vya Mang'ola niliokuwa nampelekea Namnyaki. Afisa akatoa kitunguu kimoja, akakigeuza.

"Na hivi?"

"Vitunguu."

"Dereva amesema ua linatoka kwenye kitu kama kitunguu."

"Kama kitunguu, mwanangu. Hicho ni kitunguu chenyewe."

Akamwita mwenzake. Wakashauriana. Mwenzake akakichubua kwa kucha, akakinusa, akarudi nyuma akijifuta macho na mkono wa koti. "Ni kitunguu," akasema.

Afisa alikuwa ameshaokota karatasi ya juu. Alisoma amesimama pale kwenye ukungu, midomo ikicheza, akafika mwisho wa ukurasa, akaanza wa pili. Magari nyuma yetu yakapiga honi.

"Na hiyo hairuhusiwi?" nikamuuliza.

"Hii," akasema, akiirudisha taratibu mahali pake, "sina kanuni yake. Safari njema, mama."

Ukingoni mwa kreta hatukuona kitu. Watu wanavuka bahari kuja kulitazama lile bonde, nasi tulipita ubavuni mwake tukiona tu makalio ya nyati mmoja barabarani, ambaye Bura alimbembeleza kwa taa mpaka akatupisha.

Nainokanoka

Tulipokaribia Nainokanoka, springi ya nyuma ikakatika. Ulikuwa mlio kama wa bunduki. Chumvi yote ikalalia upande mmoja, na lori likaingia kijijini likichechemea kuliko mimi. Bura alizunguka, akaangalia, akavua kofia. Nikajua Jumanne imekwenda.

Nilipokelewa na Mama Lemayani, mwenye duka dogo la sukari, sabuni, majani ya chai na betri. Hakuniuliza nimetoka wapi mpaka alipokwisha kunifunika shuka mbili na kunipa bakuli la loshoro, mahindi yaliyopikwa yakalowekwa kwenye maziwa ya mgando. Baridi ya kule inaingia kwenye mifupa kama ina funguo. Nilikula bakuli lote, nikapewa jingine.

Kesho yake, Bura akiwa anazunguka kutafuta chuma cha kuungia springi, nilikaa na Mama Lemayani dukani. Wateja walikuwa wachache. Nikamweleza ninachopeleka na kwa nini. Alinisikiliza akifunga majani ya chai kwenye vikaratasi, na uso wake haukunipa moyo.

"Mwalimu usikasirike," akasema. "Huku kwetu hifadhini hata mchicha haturuhusiwi kupanda. Wewe unatuletea ua la kusoma?"

"Silileti kwa sababu mna mchicha au hamna."

"Kwa sababu gani sasa?"

Nikamweleza habari ya milima ile: jinsi tulipu lilivyokuwa likiota lenyewe kwenye malisho, jinsi masultani walivyotuma watu wakalichimbue kwa magunia lipelekwe kwenye bustani za ikulu, na jinsi siku hizi dunia nzima inavyoamini ni la Waholanzi. Akaacha kufunga majani.

"Na wale wenye malisho walisema nini?"

"Vitabu havisemi."

"Havikuwauliza," akasema, kwa sauti kali, kana kwamba mimi ndiye niliyeviandika. Kisha akarudi kufunga majani yake. Wanawe wawili walikuwa wamehamia mbali, nje ya hifadhi, sehemu za joto, na mifugo yao. Hilo alikuwa ameniambia asubuhi kwa maneno machache. Mteja akaja akanunua betri, akaondoka. Mama Lemayani akachota sukari, akaitia kwenye chai yangu zaidi ya nilivyomwomba, akasema, "Kunywa. Ukifika huko usiwabembeleze."

Bura alirudi jioni na chuma kilichokuwa kipande cha geti la mtu. Jumatano mchana springi ilikuwa imefungwa kwa chuma hicho, kwa mpira wa tairi na kwa sala zake za Kilutheri, na sisi tukaondoka.

Tambarare

Ukiteremka kutoka kwenye baridi ile unaona miguuni pako nchi nzima ya majani makavu na upepo. Vumbi la kule ni jepesi kama unga. Gurudumu likiingia haliombi msaada, linazama tu. Letu lilizama jua likiwa linakwenda, na Piyaya ikiwa bado mbali. Bura alichimba kwa koleo, akatandika magunia, akatandika hata mkeka wake. Lori likaunguruma, likazama zaidi. Tukalala kwenye kabini, yeye kwenye usukani na mimi kwenye mlango.

Alhamisi asubuhi alinipa biskuti na maji.

"Tusubiri, mwalimu. Lazima lipite gari la mnada litutoe."

"Na lisipopita mpaka kesho?"

"Tutaondoka kesho."

"Mkutano ni leo, Bura."

Akatazama goti langu. Mimi nikatazama barabara. Nilikuwa nimeshasikia mengi kuhusu goti hili kutoka kwa watu ambao si lao, na sikutaka kusikia la Bura. Nikashuka, nikakaa kwenye ngazi ya lori, nikaanza kulichua dawa ili nitembee.

Ndipo akatokea mama mmoja na punda wake wawili, akitoka kuchota maji. Nikamsalimia kwa Kimasai changu cha kuokoteza, "Takwenya," akaniitikia, "Iko." Kiswahili chake kilikuwa kidogo kama Kimasai changu. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye chupa ya dawa na begi langu.

"Dawa?"

"Ndiyo, dawa."

"Piyaya? Mkutano?"

"Ndiyo, ndiyo. Piyaya, mkutano."

Uso wake ukafunguka. Akahamisha madumu kwenye punda mmoja, akalichukua begi langu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akalifunga juu ya punda mwingine, tena akalifunika kwa kitambaa lisipigwe na jua. Nikasema moyoni, watu wa huku wana heshima kwa maandishi! Tukaanza kwenda. Alipunguza mwendo kwa ajili yangu bila kuonyesha kwamba anapunguza. Kila tuliyekutana naye njiani aliambiwa jambo fupi, na kila aliyeambiwa alinitazama kwa shukrani. Vijana wawili waliokuwa wakichunga walinipungia fimbo. Nikaanza kujisikia mtu mkubwa.

Tulipofika penye nyumba za kwanza, mzee mmoja alinisogezea ndama aliyekuwa akitokwa na mate mdomoni, akanifungulia kinywa chake nione.

Nikasimama. Nikamtazama ndama. Nikamtazama yule mama wa punda, aliyekuwa anafungua begi langu kwa fahari ili watu waone dawa za ng'ombe. Zikatoka karatasi. Akaingiza mkono, zikatoka karatasi nyingine. Akatoa sweta. Akatoa vitunguu. Akanigeukia, na nilipoweka mkono kwenye goti langu na kusema, "Dawa ya hapa," alikaa chini palepale mavumbini akacheka mpaka ushanga wake ukalia. Yule mzee hakucheka. Alifunga kinywa cha ndama, akaondoka naye.

Piyaya

Mkutano ulikuwa umeshaanza, kwenye kivuli cha ukuta wa stoo yenyewe. Wanaume walikuwa upande mmoja kwenye mawe na viti vya plastiki, wanawake upande wa pili chini. Namnyaki alinikimbilia akanishika mabega. Amekonda, lakini macho ni yale yale ya bweni.

"Nilijua utakuja kwa miguu," akaninong'oneza. "Wameshasema sana. Umebaki wewe."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Saning'o, kaka wa marehemu mume wa Namnyaki. Msinielewe vibaya kuhusu mtu huyu. Alisimama akanisalimia, akaniletea kiti chake, akanipa maji kwanza. Alieleza kwa Kiswahili safi kwamba ukame uliopita uliwaua ng'ombe wengi, na kwamba dawa walizopata mwaka ule ziliharibika kwa jua kwa kukosa chumba. Alikuwa na sababu, na sikuwa na cha kumpinga hapo.

"Sasa mwalimu," akasema, "karibu, na pole kwa njia. Swali letu ni dogo. Hilo ua linasaidia nini?"

Majibu nilikuwa nayo. Tangu Daa nilikuwa nayapanga: kwamba linakuza msamiati, kwamba linajenga ufahamu, kwamba anayesoma ua leo kesho atasoma maelezo ya dawa. Ni kweli yote. Lakini nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno, nikatazama wale wanawake waliokaa chini na karatasi zangu zimekunjwa vizuri mapajani, na nikaona haya kuwaombea kitu chao kwa jina la kitu kingine.

"Halisaidii kitu," nikasema.

Namnyaki alifumba macho.

"Halitibu ng'ombe. Haliliwi. Hapa hata mkilipanda halitaota. Lakini nanyi niwaulize, wazee wangu. Mnapoimba kumsifia dume mwenye pembe zilizopinda vizuri, mnaimba toka jioni mpaka sauti zinakauka. Kuna mtu amewahi kuwasimamisha akauliza ile pembe inasaidia nini?"

Mzee mmoja alipiga paja lake. Kicheko kikapita upande wa wanaume, kikavuka upande wa wanawake. Saning'o hakucheka.

"Yule dume ni wetu," akasema. "Ua si letu."

"Lilikuwa la wafugaji kabla halijawa la mtu mwingine yeyote."

"Wafugaji wa wapi?"

"Wa mbali. Nao hawakuulizwa."

Kisha akafanya jambo lililonitia hofu kuliko ukali: akalegeza msimamo.

"Tusigombane. Chumba wabaki nacho, dawa tutaweka upande mmoja. Lakini wasome mambo ya afya na mifugo. Haya ya maua, mwalimu, tunakushukuru, rudi nayo Karatu. Ukikubali hapa mbele ya watu, tumemaliza."

Namnyaki akanivuta kanga. "Kubali," akanong'ona. "Kubali tu, tutasoma kwa kujificha."

Nilimwelewa. Yeye ndiye angebaki pale, si mimi. Lakini ningewezaje kuwaambia wanawake wazima, mama za watu, wakajifiche kusoma?

"Sirudi nayo," nikasema.

"Basi watatoka chumbani."

"Waambie wewe. Mimi siwezi kuwaambia hivyo."

Saning'o akageukia upande wa wanawake, akafungua mdomo. Kabla hajasema, akasimama Koko Noonkishu.

Niwaeleze ni nani huyu bibi, maana koko kwa Kimasai ni bibi. Ni mama mkwe wa Namnyaki, na ni mama mzazi wa Saning'o. Mwembamba, kichwa kimenyolewa, masikio yamejaa ushanga. Namnyaki alikuwa ameniambia kwamba anakuja darasani kila siku na kukaa nyuma bila kusema, na kwamba hakujua kama anafuata au anakuja kupumzika tu. Alitembea mpaka katikati, akafunua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza tena kidogo. Na akaanza.

"Wa… na… je… shi. Wanajeshi. Wanajeshi wa sul… ta… ni."

Nikaijua palepale. Ilikuwa hadithi niliyoiandika mwenyewe, ya mjane wa milimani mwenye ua moja tu la tulipu mbele ya hema lake. Wanajeshi wa sultani wamechimbua maua ya mlima mzima, wamebakiza lake, na yeye amekwenda kuketi mbele yake kulikinga.

Alisoma kwa Kiswahili, lugha ambayo hata Namnyaki hakuwahi kumsikia akiongea. Kila neno alilivunja, akalijenga upya, akalisema zima. Pale aliponasa alirudi nyuma akaanza sentensi upya, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Upepo ulikuwa ukiikunja karatasi, naye anainyoosha kwa kidole gumba. Akasoma jinsi mkuu wa wanajeshi alivyoshuka kwenye farasi. Akasoma jinsi alivyosimama mbele ya mjane.

"A… ka… mwa… mbia. Akamwambia: mama, i… nu… ka. Inuka."

Hapo akaikunja karatasi.

Saning'o alikuwa bado amesimama, mikono imelegea. Alimwuliza jambo kwa Kimasai, kwa sauti ya chini sana, na Namnyaki akanitafsiria sikioni huku analia: mama, umejua kusoma tangu lini?

Koko Noonkishu akamjibu, nalo nikatafsiriwa: "Tangu mlipoanza kuitisha vikao kuhusu chumba."

"Endelea basi," akasema mwanawe, safari hii kwa Kiswahili.

"Macho yamechoka," akajibu mama, naye kwa Kiswahili. "Kesho. Humo ndani." Akaonyesha mlango wa stoo kwa kidevu, akarudi kuketi mahali pake.

Hakuna aliyetangaza uamuzi. Saning'o alikaa, mzee aliyepiga paja akaanzisha habari ya bwawa la maji, na mkutano ukaenda huko. Kabla ya jua kuzama wanaume walibeba maboksi ya dawa wakayapanga ndani ya chumba, kwenye ukuta mmoja, wakafunga mlango bila kufuli.

Asubuhi yake tulisoma tukinusa dawa ya kupe. Wanawake walikuwa wengi kuliko karatasi. Yule mama wa punda alikuwepo, akanitania kwa kuniuliza hali ya goti la ng'ombe wangu. Walinihoji bila huruma. Kondoo wanalila hilo ua? Nikasema sijui. Nenda kaulize, wakasema. Kwenye shairi la moyo ulioungua hawakukubaliana na mshairi hata kidogo: kwa nini aunguzwe na mpenzi peke yake, wakati moyo unaungua kwa mengi? Mmoja akataja mtoto aliyefariki, mwingine akataja mwaka wa ukame. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kisha Koko Noonkishu akatoka nyuma, akakaa mbele, akasoma ile hadithi mpaka mwisho.

Kurudi

Bura alitokea mchana, akiwa ametolewa na gari la mnada, mweupe kwa vumbi kutoka kofia hadi viatu, akapakua chumvi, akala nyama, akasema tuondoke kabla springi haijabadili mawazo. Namnyaki alinisindikiza mpaka mlangoni mwa lori. Alivichukua vitunguu, mimi nikamwachia kopi zote, hata ile yangu yenye masahihisho.

Nilikuwa nimeshaketi Saning'o alipokuja na kibuyu cha maziwa, akanipa dirishani. Hakuomba radhi na sikutarajia. Alizunguka nyuma akaitazama springi, akatikisa kichwa, akapiga tairi teke, akarudi upande wangu. Bura akawasha injini. Saning'o akabaki ameshika mlango.

"Mwalimu."

"Naam."

"Yule mama wa kwenye hadithi." Alitazama pembeni, kule walikokuwa ng'ombe. "Aliinuka?"

"Muulize mama yako," nikamwambia. "Atakusomea."